Msimamizi Si Mrithi

(Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni)



Wengi wetu tukisikia neno wakili, tunamwona mtu wa joho jeusi anayemtetea mshitakiwa. Wazee wanaukumbuka mwaka 1958, Mwalimu Nyerere aliposhitakiwa Dar es Salaam kwa sababu ya maandishi katika gazeti la chama. Wakili Denis Pritt alikuja kutoka London, akasaidiana na Mahmud Rattansey na Kantilal Jhaveri. Mwalimu akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Hizo ndizo kesi tunazosimuliana vibarazani.

Juma hili nataka kumzungumzia wakili wa namna nyingine, ambaye hatusimulii habari zake. Huyu ni wakili wa mali, mirathi na amana. Kazi yake ni karatasi: wasia, hati ya nyumba, mkataba wa mauzo, orodha ya warithi. Akifanya kazi yake vizuri hakuna kesi, na pasipo kesi hakuna anayemfahamu. Lakini mimi naona kwamba katika mji wetu huu wa Kigoma na Ujiji, mtu huyu angefikiwa mapema, nusu ya ugomvi unaogawanya koo zetu usingezaliwa.

Tuanze hapa hapa Ujiji. Mwezi Oktoba mwaka 1871, Dk. Livingstone alirudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa mgonjwa na amechoka kabisa. Alikuwa na tumaini moja. Bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja zilikuwa Ujiji, chini ya mtu mmoja aliyeitwa Sherifu. Siku zile kitambaa na shanga ndizo zilikuwa fedha; bila hivyo hununui chakula wala hulipi wapagazi. Alipofika akakuta ghala tupu. Kwa maandishi yake mwenyewe, kati ya yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata yadi moja, na kati ya ratili 700 za shanga haukubaki hata uzi mmoja. Sherifu alikuwa ameuza vyote. Na sababu yake? Alisema alitazamia, akaona kwamba mwenye mali amekwisha kufa.

Baada ya siku chache Stanley akawasili, na mkutano wao ndio unaowaleta wageni pale kwenye kumbukumbu ya mwembe. Salamu ya Stanley inajulikana dunia nzima. Habari ya Sherifu haitajwi sana. Lakini kwa wakili wa mali na amana, habari ya Sherifu ndiyo yenye mafunzo. Hapo palikuwa na mtu aliyeshika mali isiyokuwa yake kwa faida ya mwingine. Aliposadiki kwamba mwenyewe hayupo tena, akajiona yeye ndiye mwenye mali. Ndugu msikilizaji, jambo hilo halikuishia mwaka 1871.

Waingereza nao walilijua tatizo hilo tangu zama za kale. Mtu alikuwa akitaka kwenda vitani mbali, akamkabidhi rafiki yake shamba lake, kwamba alitunze kwa ajili ya mke na watoto. Rafiki akishaandikwa jina lake, akageuka na kusema shamba ni lake. Mahakama za kawaida zilimwunga mkono, kwa sababu zilitazama jina lililoandikwa basi. Wajane na watoto wakamwendea waziri mkubwa wa mfalme, naye akasema: jina ni lako, lakini dhamiri yako imefungwa, faida ni ya wale uliokabidhiwa kwa ajili yao. Huo ndio mwanzo wa sheria yao ya amana. Hata leo kule Uingereza wako mawakili ambao maisha yao yote hawafanyi ila kazi hiyo. Na kule kazi ya uwakili imegawanyika: yupo mwanasheria anayempokea mteja na kuandaa karatasi, na yupo mwingine anayesimama mbele ya jaji.

Hapa kwetu hakuna mgawanyo huo. Wakili wa kujitegemea wa Kigoma ndiye anayeandika wasia asubuhi, na ndiye anayesimama mahakamani mchana. Safari yake ni ndefu. Husoma shahada ya sheria chuo kikuu. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na miongoni mwa wanafunzi wa kwanza alikuwamo mwanamke, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Siku hizi, baada ya shahada, mhitimu huingia katika taasisi ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Akifaulu, Jaji Mkuu humpokea, naye huandikwa katika orodha ya mawakili. Hapo ndipo anapoanza kuitwa wakili msomi.

Lakini usomi huo ulikuwa hauwafikii watu wa kawaida. Mirathi nyingi za wananchi, za kimila na za Kiislamu, husikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo, na kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Nia ilikuwa njema, kwamba mwananchi ajieleze mwenyewe kwa lugha yake bila kutishwa na wajuzi. Matokeo yake ni kwamba mjane alisimama peke yake mbele ya shemeji zake watano. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, mawakili wakaruhusiwa katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na Hakimu Mkazi. Na aliyetaka kufika Mahakama Kuu, kwa miaka mingi ilimpasa kuitazama Tabora, zaidi ya kilomita 400 kwa reli. Hesabu nauli, hesabu siku za kulala ugenini, halafu uambiwe kesi imeahirishwa. Wengi waliacha haki yao stesheni. Leo Mahakama Kuu ina kanda yake hapa Kigoma, na hilo ni jambo la kushukuru.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa Ujiji. Amefariki, ameacha nyumba ya vyumba sita, mitumbwi miwili na injini moja katika mwalo wa Kibirizi, nyavu na taa za dagaa, shamba la michikichi, na fedha kidogo benki. Ameacha wake wawili na watoto saba, wa kiume watatu na wa kike wanne. Wasia hakuna. Matanga hayajaisha, mtu amekwisha kuichukua injini. Wahenga walisema kufa kufaana.

Wakili anayeijua kazi yake hatoi jibu hapo kwanza. Anauliza maswali manne.

La kwanza: mirathi hii inaongozwa na sheria gani? Maana nchi yetu ina sheria tatu za mirathi. Iko sheria ya kimila, ambayo kanuni zake nyingi zilitangazwa mwaka 1963. Iko ya Kiislamu. Na iko sheria ya urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo wakoloni waliileta na ambayo imetumika kwa Wakristo na wengineo. Mahakama hutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Mtu aliyeswali maisha yake yote haiwezekani nduguze wakamgeuza kuwa mtu wa kimila siku ya arobaini kwa sababu mila inawafaa wao.

La pili: ni mali gani hasa iliyokuwa ya marehemu? Hapa ndipo penye kazi. Nyumba ile pengine bado imeandikwa jina la babu, maana yake iko mirathi nyuma ya mirathi. Injini pengine ni ya ubia na rafiki wa Kalemie au wa upande wa Burundi. Michikichi pengine ilipandwa katika ardhi ya kuazima, na aliyepanda mti anadai mti, na mwenye ardhi anadai ardhi. Na mke aliyekuwa akianika dagaa na kukamua mawese kwa miaka 20, je, hana chake kabla mirathi haijagawanywa?

La tatu: anadaiwa nini? Gharama za mazishi na madeni hutangulia. Mafuta ya injini yaliyokopwa si siri ya marehemu ya kuzikwa naye.

La nne: warithi ni akina nani, na wako wapi? Koo za kwetu zina watu Uvira, Bujumbura na Kigamboni. Asiyekuwapo si kwamba hana haki.

Baada ya majibu hayo, hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme marehemu alikuwa Mwislamu, wazazi wake wamekwisha kutangulia, madeni yamelipwa, na mali iliyobaki ina thamani ya shilingi 16,000,000. Wake, kwa kuwa wapo watoto, wanapata thumni, yaani fungu moja kati ya manane: 2,000,000, wagawane sawa, kila mmoja 1,000,000. Zinabaki 14,000,000 za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Mafungu ni kumi. Kila binti 1,400,000 na kila mwana 2,800,000. Basi. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa shule, wala haihitaji miaka 15 ya ugomvi. Ugomvi unatoka kwingine.

Unatoka kwa msimamizi. Ukoo hukaa kikao, ukaandika muhtasari, ukamteua mmoja, aghalabu kaka mkubwa. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, tangazo linabandikwa, asipopingwa anapewa hati ya usimamizi. Siku hiyo anarudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Anazungumza kama mwenye nyumba. Wapangaji anawaambia kodi waipeleke kwake. Baada ya mwaka mnasikia nyumba imeuzwa, mnunuzi amekuja na mafundi, na mjane anatolewa vyombo nje.

Ndugu wasikilizaji, naomba tusikilizane hapa. Hati ya usimamizi si hati ya kumiliki. Msimamizi si mrithi kwa sababu ya usimamizi wake. Ikiwa naye ni mtoto wa marehemu, atapata fungu lake kama wenzake, si zaidi. Yeye ni kama yule rafiki aliyekabidhiwa shamba: jina lipo kwake, faida ni ya wengine. Kwa kanuni za Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyoigawa. Katika mahakama za juu, orodha ni ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Hakimu anaweza kuongeza muda kwa sababu nzuri. Asiyetimiza, mrithi yeyote ana haki ya kwenda kuomba aitwe, ahojiwe, na hata aondolewe. Nimekaa mara nyingi katika mabenchi ya mahakama zetu kutafuta habari, na jambo linalonishangaza ni kwamba warithi wengi hawajui kabisa kwamba fomu ya hesabu ipo. Wanadhani hati ikishatolewa, mahakama imemaliza kazi. La hasha, ndiyo kwanza imeanza.

Nani anaumia zaidi? Ni mwanamke. Na hapa lazima niwasifu mawakili na majaji waliolisukuma gurudumu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata nyongeza, maana mahakama ilisema alikwisha kupewa fedha na mumewe akazitumia vibaya, lakini msingi aliouacha umewafaa wanawake wengi baada yake.

Kisha ikaja kesi ya Kagera. Bibi Holaria Pastory alirithi ardhi kwa wasia wa baba yake. Mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani, akasema kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikakataa. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, ambayo imekataza ubaguzi, na mauzo ni halali. Shauri la kijiji likawa hukumu inayosomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingine.

Lakini tusijidanganye kwamba vita vimekwisha. Zile kanuni za 1963 zinasema mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa wapo ndugu wa ukoo; kazi ya kumtunza ni ya watoto wake. Wajane wawili walikwenda Mahakama Kuu kuzipinga, hawakufanikiwa, wakaenda hadi Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikasema Tanzania imevunja wajibu wake. Kwa upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimempa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki. Ipo haki kitabuni. Kazi ni kuitoa kitabuni hadi Kibirizi.

Dawa ni nini? Ya kwanza ni wasia. Najua neno hilo linaogopwa. Mtu akitajiwa wasia anadhani anatabiriwa kifo. Lakini wenzetu wa zamani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayefuata sheria ya Kiislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali yake, wala asimwusie mrithi pasipo ridhaa ya warithi wengine. Kwa wasia wa kimila, kanuni zimeeleza hata mashahidi: ukiwa wa mdomo, wasipungue wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, ukiwa wa maandishi na mwenye wasia anajua kusoma na kuandika, wanatosha wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Mke naye awepo na ashuhudie. Na wasia unaweza kuhifadhiwa RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ulioanzishwa mwaka 2006.

Ya pili ni kuandika vizuri. Wako wanaotaka nyumba isigawanywe kamwe, wakaiwekea wakfu. Ni jambo jema, lakini lina mitego yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kesi moja iliyotoka Kenya ilifika London, katika Baraza la Mfalme lililokuwa mahakama yetu ya mwisho wakati huo. Ukoo ulikuwa umewekewa wakfu kizazi kwa kizazi, na maskini wametajwa mwishoni kabisa, ukoo ukishatoweka. Majaji wale wakasema huo si wakfu, ukavunjwa. Waislamu wengi waliona hukumu ya namna hiyo haikuielewa dini yao; India ilikuwa imekwisha kutunga sheria ya kuirekebisha tangu mwaka 1913. Lakini mali ilikwisha kuvunjiwa mlango. Sentensi moja ya karatasi inaweza kuvunja nia ya mzee, kwa hiyo mwandishi wake achaguliwe.

Na hapa niseme ukweli kwa mawakili pia. Wako wanaotoza ada ambayo mvuvi hawezi kuilipa hata kwa mwezi mzima wa giza, dagaa wakiwa wengi. Wako wanaoahirisha kesi mpaka nyumba inaliwa yote na gharama. Upungufu huo ndio unaowalisha vishoka, wale wanaokaa chini ya miti karibu na mahakama wakiandika hati kwa lugha ya kisheria wasiyoielewa. Wilaya za Kakonko na Buhigwe hazipaswi kutegemea vishoka. Mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria walio karibu na wananchi. Watumieni hao, waulizeni vitambulisho vyao. Na wakili msomi anayetaka heshima ya mji huu, atenge siku moja katika mwezi awasikilize wajane bila malipo.

Kwa kufunga, nawaomba wasikilizaji mambo matatu. Mwenye mali, tazama leo hati ya nyumba yako ina jina la nani. Ikiwa ni jina la marehemu, anza hapo. Mrithi, kama mirathi ya mzazi wako ilifunguliwa na hujaona hesabu, nenda mahakama ile ile iliyotoa hati ukaiulizie. Jalada lipo, nawe una haki ya kujua kilichomo. Na wewe msimamizi, uliyeaminiwa na ukoo, iandike hesabu yako uipeleke, ukalale usingizi. Kwani wale watu hawajafa. Wapo, wanangoja kilicho chao.

Hadi juma lijalo, kwaherini.